Barua ya wazi kwa wenye bajeti ya utafiti wa mbegu: mionzi mmelipia, kuchagua je?

Waheshimiwa mnaoshika mafungu ya utafiti wa kilimo, wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za kazi. Nawaandikia nyie mawaziri, makatibu wakuu, wakurugenzi wa taasisi za utafiti na nyie wa mashirika yanayofadhili, kwasababu hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na nimeona nikiendelea kunyamaza sitakuwa nimeitendea haki ile miaka niliyoinama kwenye matuta.

Mi sio profesa. Nilikuwa fundi wa shamba la majaribio, kazi yangu kupanda, kuhesabu, kufunga lebo, kuvuna mche mmoja mmoja na kuweka punje kwenye bahasha. Tulikuwa na mazao ya jamii ya kunde, yaani kunde zenyewe, choroko na maharage (nikisema kunde tu hapa chini nina maana ya jamii yote), na mbegu tulizokuwa tunapanda zilikuwa zimepigwa mionzi ya gama ili zibadilike vinasaba tupate aina bora. Kwahiyo ninachosema nakisema kwa kuwa nimekishika kwa mikono.

Na nina jambo moja tu la kuwaambia. Kupiga mbegu mionzi ni kazi ya muda mfupi sana, dozi nyingi zinaisha siku hiyohiyo mbegu ilipofika. Kuchagua kinachotoka hapo ni kazi ya miaka saba, nane, hata kumi. Nyie mnalipia ile siku, mnapiga nayo picha, halafu ile miaka mnaiacha iende yenyewe.

Nieleze kidogo kwa wale ambao hawajawahi kuiona hii kazi, maana najua wengi mnaletewa karatasi za kusaini tu. Mbegu kavu inawekwa kwenye mashine yenye chanzo cha kobalti-60, mionzi inapita ndani ya punje na kujeruhi DNA, seli inajitahidi kujirekebisha, na pale inapokosea kurekebisha ndipo badiliko linabaki na kurithiwa. Mabadiliko ya namna hii hata shambani yanatokea yenyewe bila mtu kugusa, ndo maana dunia ina maharage ya rangi na maumbo mengi hivi, ila yanatokea kwa nadra mno, mionzi inaongeza tu kasi. Tangu 1927 Hermann Muller alipoonyesha kwa nzi wa matunda kwamba eksirei inaleta mabadiliko ya kurithi, na 1928 Lewis Stadler akaonyesha kwenye shayiri, hili si jambo jipya wala la kubahatisha. Kanzidata ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, ina aina zaidi ya 3,400 zilizotokana na njia hii, za mimea zaidi ya 200. Ila nafaka ndo zimebeba sehemu kubwa, kunde zipo lakini ziko nyuma, na ukitaka kujua kwanini angalia tu pesa za utafiti zilikokwenda miaka yote hii.

Sasa kwanini nang'ang'ana na kunde. Hizi ni mmea unaojitafutia mbolea mwenyewe, ukiung'oa unaona vile vinundu kwenye mizizi, ukikipasua kinundu kimoja kwa ukucha na ndani kuna wekundu kama nyama basi ujue bakteria wako kazini wanavuta naitrojeni ya hewani. Punje yake ina protini asilimia 20 hadi 25, soya inazidi hapo. Lakini mavuno, jamani, wastani wa dunia kwa kunde kavu unazungukia tani moja kwa hekta wakati nafaka zinakwenda kwenye tani nne. Kunde nyingi bado zina tabia za porini, zinatoa maua kwa mafungu mafungu kwahiyo unakuta mche mmoja una maua juu, maganda mabichi katikati, na chini maganda yameshakauka na kupasuka na kumwaga punje, mvunaji anapita shamba lilelile mara tatu mara nne, na akichelewa siku mbili za jua kali amepoteza. Tabia ya namna hii ndo mutesheni, yaani hilo badiliko la vinasaba, inaweza kuiondoa, kwasababu mara nyingi inatosha kuzima kinasaba kimoja au viwili.

Halafu kuna suala la kuchavusha kwa mkono ambalo watu wa ofisini hawalijui. Ukitaka kuchanganya aina mbili za choroko unakamata tumba la ua kabla halijachanua, dogo sana, unalifungua kwa kibano, unatoa stameni, zile sehemu za kiume, moja moja bila kukwaruza sehemu ya kike, halafu unapaka chavua kutoka kwa baba. Nimefanya hivyo asubuhi nzima, matumba zaidi ya arobaini, na baada ya siku nne nikakuta matatu tu yameshika, mengine yote yameanguka chini. Na hata likishika linakupa punje chache. Isitoshe mazao haya karibu yote yanajichavusha yenyewe, ukoo wao umekuwa mwembamba, unaweza kutafuta kinga ya ugonjwa fulani kwenye hifadhi yote ya mbegu usiione. Hapo ndipo mionzi inakuwa na maana kubwa, inakufungulia mlango ambao kuchanganya peke yake kusingeufungua, na ile aina ambayo mkulima ameshaizoea na kuipenda inabaki ilivyo, umebadilisha kasoro moja tu.

Ushahidi upo. Pakistan kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa ukungu wa askokita uliteketeza dengu misimu kadhaa, mashamba yakawa kama yameunguzwa na moto. Walikuwa na aina moja inaitwa 6153, ilikuwa inazaa vizuri ila ukungu ukiingia haina ujanja. Watafiti wa NIAB, taasisi ya nyuklia ya kilimo kule Faisalabad, waliipiga mionzi ya gama grei 150 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), wakachagua msimu kwa msimu chini ya ugonjwa wenyewe, 1983 wakatoa CM-72, ileile dengu lakini inayostahimili. Hao hao baadae kwenye choroko wakachukua mmea wao wa mutesheni wakauchanganya na mbegu yenye punje kubwa kutoka kituo cha mboga cha Taiwan, wakapata NM-92 iliyotoka 1996, inakomaa haraka na kwa pamoja, na virusi vya batobato ya njano haviisumbui kama zile za zamani. Angalieni hapo, mutesheni peke yake haikutosha, ilibidi iwe mzazi wa kuchanganywa, yaani miaka mingine juu ya miaka. Karanga za TAG-24 za kituo cha utafiti wa atomiki cha Trombay kule India nazo zimetoka kwa wazazi wa namna hiyo. Na Zimbabwe 2017 walitoa kunde zenyewe, aina ya CBC5, inayovumilia ukame na kuzaa zaidi ya ile aina waliyoanza nayo.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Michigan. Mbegu za maharage madogo meupe aina ya Michelite zilipigwa eksirei miaka ya 1930, ukapatikana mmea wa kichaka usiotambaa. Ulikuwa na kasoro zake, ikabidi urudishwe kuchanganywa na ndugu zake tena na tena, na aina iliyoitwa Sanilac ikaja kufika kwa wakulima miaka ya 1950. Hesabuni wenyewe. Katikati hapo kulikuwa na vita kuu nzima ya dunia, na bado kuna watu walikuwa wanalipwa kutunza zile bahasha na kuzipanda tena kila mwaka. Nikifikiria hilo huwa nasikia uchungu kweli.

Kwasababu kwetu haikuwa hivyo. Taasisi niliyokuwepo siitaji, haina haja, hii habari iko sehemu nyingi. Mradi ulikuwa wa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ulikwenda kwenye kutafuta dozi, maana kila zao na hata kila aina ina uvumilivu wake, kunde nyingi ziko kati ya grei 100 na 300 lakini huwezi kukisia, unapiga dozi tofauti tofauti, unaotesha kwenye trei, unapima urefu wa miche na rula, unatafuta ile inayopunguza ukuaji kwa theluthi mpaka nusu. Kizazi cha kwanza, tunakiita M1, kinatia huruma ukikiangalia, majani ya mwanzo yamekunjamana, mengine yana mapengo kama yameng'atwa, mche mfupi, maganda nusu matupu. Hapo huchagui kitu. Badiliko likiwepo limejificha, na liko kwenye tawi moja tawi la pili halina. Unavuna tu kila mche peke yake na kuomba Mungu.

M2, kizazi cha pili, ndo yenyewe. M2 ndo siku ya kuzaliwa. Nakumbuka asubuhi ya kwanza miche ilipochomoza nikaona kwenye mstari mmoja miche mitano meupe kabisa, meupe kama karatasi, haina kijani hata chembe. Ilisimama wima siku chache kwa chakula cha kwenye punje kisha ikafa yote. Mtafiti wetu alifurahi sana, mi nikashangaa anafurahia vifo, akaniambia hiyo ni dalili mionzi imeingia na dozi imefanya kazi. Mingine ilikuwa ya njano. Mingine ina majani membamba kama nyasi. Wengi wao hawafai kitu, ukweli lazima usemwe, badiliko zuri la tabia unayoitaka unaweza kulitafuta kwenye miche elfu kumi upate moja, na siku nyingine usipate. Ndo maana M2 ikiwa ndogo ni kupoteza muda, lazima iwe maelfu, na maelfu yanataka ardhi, vibarua, maji, na macho. Hakuna mashine ya kutembea mstari kwa mstari ikaona kwamba huu mche unafunga maganda yote kwa wiki moja na jirani zake bado wanatoa maua. Ni mtu, amesimama, anaangalia.

Huo mche niliuona mimi. Mstari wa 212, mche wa tisa, choroko. Maganda yote juu ya majani, yote meusi kwa wakati mmoja, hakuna ua hata moja lililobaki. Nikafunga uzi mwekundu, nikaita watu. Tukavuna punje 63. Msimu uliofuata tukazipanda M3 tuone kama tabia inarithiwa au ni hali ya hewa tu, na ikarithiwa, mistari ikakomaa kwa pamoja, mzee mmoja mkulima tuliyemkaribisha akaishika akasema hii ningevuna mara moja nikaenda kufanya kazi nyingine.

Halafu miaka mitatu ikaisha. Ripoti ikaandikwa, ikasema mimea mingi yenye tabia mpya imepatikana, na kwa ripoti hiyo mradi ulifaulu. Mkataba wangu ukaisha pamoja na mradi. Bahasha zaidi ya mia nne zikawekwa kwenye kabati, kile chumba cha baridi kilikuwa kimeharibika na hakuna fungu la kukitengeneza. Nilirudi baada ya miezi kumi na tano kuchukua barua yangu ya utumishi, nikaomba nione bahasha za mstari wa 212. Zilikuwa nyepesi. Nikaifungua moja juu ya meza ukamwagika unga na maganda yaliyotobolewa, na wadudu wakatembea. Zimebunguliwa zote. Sikuweza kusema kitu.

Waheshimiwa, hakuna aliyeiba hapo na wala sidhani kuna aliyekuwa na nia mbaya. Mradi ulipangwa uishie pale ambapo kazi inaanza. M3 ndo unathibitisha, M4 na M5 unapima mavuno kwenye maeneo tofauti, unapima ugonjwa, unapima kama punje inaiva jikoni na kama watu wanaipenda, ukikuta kasoro unarudi kuchanganya na mzazi, halafu majaribio ya kitaifa ya kuidhinisha aina, halafu mbegu ya msingi, halafu kuzidisha. Ukikata popote hapo katikati hujaokoa nusu ya pesa, umetupa yote, na mbaya zaidi ni kwamba mche ule haurudi. Mionzi haina kumbukumbu. Ukipiga tena mbegu zilezile kwa dozi ileile utapata mabadiliko mengine kabisa.

Na kuhusu mashine, naomba mnisikilize hapa. Kobalti-60 inapungua nguvu nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo, iwe inatumika au imefunikwa turubai. Kwahiyo taasisi ikinunuliwa chanzo kipya ikakaa nacho miaka mitano inasubiri bajeti ya shamba, nusu ya ulichonunua imeshakwenda, kazi ileile ya saa moja sasa inataka saa mbili, na bado unalipia ulinzi na ukaguzi na baadae gharama ya kukiondoa kwa usalama. Wakati mbegu zinaweza kusafirishwa. Maabara ya FAO na IAEA kule Seibersdorf, Austria, inapigia nchi wanachama mbegu mionzi, ni pakiti ndogo tu inatumwa, inapigwa, inarudi. Kwa mtazamo wangu nchi isiyo na watu watatu wa kudumu wa kuchagua kunde haina sababu ya kununua mashine. Iajiri kwanza hao watu.

Najua wengine mnaogopa wananchi wakisikia neno mionzi. Mi nimeulizwa sana, hivi hizo mbegu hazitatupa saratani? Jibu ni rahisi na tuliseme waziwazi bila kuficha. Mionzi ya gama inapita kwenye punje na kuondoka, nguvu yake haitoshi kuifanya punje iwe chanzo cha mionzi, ni kama mtu aliyepigwa eksirei ya kifua, harudi nyumbani akiwa anatoa mionzi. Na kinacholimwa ni vizazi vingi baada ya ile mbegu. Hakuna kinasaba cha kiumbe kingine kilichoingizwa, na kwenye nchi nyingi sheria haiziweki kundi moja na GMO, hata Mahakama ya Haki ya Ulaya kwenye uamuzi wake wa Julai 2018 iliziacha njia hizi za zamani nje ya masharti hayo kwa kuwa zimetumika muda mrefu bila madhara. Ila kwamba hazina mionzi haimaanishi zisipimwe, badiliko lolote linaweza kuleta lisilotakiwa, punje inaweza kuongezeka uchungu au kupungua protini, na vipimo hivyo navyo ndo vinafanyika kwenye ile miaka msiyoilipia.

Sitaki pia mtu awadanganye kwamba njia hii inatibu kila kitu. Kuvumilia ukame kwa mfano ni tabia ya vinasaba vingi, si rahisi kukupata kwa kinasaba kimoja kuzimwa, unaweza kupata mmea unaowahi kukomaa ukaukwepa ukame na hiyo tayari ni faida kubwa. Kusoma DNA sasa kumekuwa rahisi kuliko zamani, mnaweza kujua kinasaba gani kimebadilika na mkakifuatilia kwenye miche michanga kabla hata haijatoa ua, hii inapunguza miaka, tuitumie. Lakini maabara ya DNA inataka mmea wa kupimwa, na mmea unatoka kwenye mstari, na mstari unataka mtu wa kuutembea.

Kwahiyo ninachoomba ni hiki. Mradi wowote wa mutesheni ya kunde usisainiwe chini ya miaka kumi, na fungu la miaka ya mwisho liwekwe pembeni tangu siku ya kwanza ambapo hakuna atakayeligusa hata serikali ikibadilika au mfadhili akichoka. Kama pesa ni ndogo punguzeni idadi ya mazao, chukueni zao moja na tatizo moja mlimalize, badala ya mazao sita yote yakafia M3. Kila bahasha ya kuanzia M2 iwe na pacha wake amehifadhiwa jengo lingine, ikiwezekana taasisi nyingine kabisa, kavu na kwenye baridi. Wakulima, hasa wanawake ambao ndo wanavuna na kupepeta na kupika, waingie shambani M3 na sio siku ya uzinduzi. Na mafundi wa shamba wapewe ajira ya kudumu, kwasababu jicho linalotambua mche mmoja kwenye maelfu halipatikani kwa tangazo la kibarua wa msimu, mi mwenyewe mwaka wa kwanza nilipita mimea mizuri nikiiona magugu.

Kwenye meza zenu najua kuna maombi yanasubiri sasa hivi, na kwenye mengi ukurasa wa kwanza ni bei ya mashine. Naombeni kabla hamjaweka sahihi mumuite aliyeandika mumuulize, msimu wa sita nani ataupanda mche huu, mshahara wake unatoka fungu lipi, na bahasha zitalala wapi umeme ukikatika. Akikosa jibu mrudishieni akaandike upya.

Uzi wangu mwekundu bado ninao, niliufungua kwenye ule mche siku tuliyovuna. Shamba lolote la M2 litakalofunguliwa na likawa na pesa ya kufika mwisho, niiteni, nitakuja kutembea mistari.

Ni mimi,
aliyekuwa fundi wa shamba la majaribio